Daftari la masafa mafupi: majibu ya maswali yenu

Maswali ya kuandika kumbukumbu za idhaa mnazozisikia kwenye SW, yani masafa mafupi ya redio, yamekuwa mengi mwezi huu, nimechagua saba, mengine yanafanana kwaiyo ukisoma la mwenzako utakuta na lako limejibiwa humohumo.

Shikamoo mzee wa redio. Nimenunua redio ndogo ya dijito yenye SW, nimeanza daftari juzi ila naandika jina la idhaa na lugha basi. Kuna kingine? (Kijana wa Kilosa)

Marahaba mwanangu, na hongera maana wengi wanaishia kusikiliza tu. Jina la idhaa ndo kitu cha mwisho kuandika sio cha kwanza, hili nalisisitiza kuliko yote ntakayosema leo. Anza na tarehe, saa, kilohezi (namba ya masafa inayoonekana kwenye redio), alafu unachosikia: mwanamke au mwanaume, lugha gani, muziki wa namna gani, wanaongelea nini. Jina lijaze pale wenyewe wanapojitaja. Ukianza kwa kufungua orodha ya masafa kwenye simu ukaona hapa ni idhaa fulani, sikio linaanza kusikia kile jicho lilichosoma, na mimi nna kurasa nzima za mwaka wa kwanza ambazo siziamini mpaka leo kwa sababu hiyo. Nlikuwa naandika majina niliyoyasoma, sio niliyoyasikia.

Mstari mmoja wangu wa zamani, nikiwa Mbeya, uko hivi, saa kwanza alafu kilohezi: "1757, 11735, taarabu, mwanamke anaimba, fidla na ganuni. 1800 mwanaume anasoma habari kwa Kiingereza, anataja Zanzibar. 43434." Basi. Hata mtu asiyenijua akiusoma anaona kabisa ni watu wa Zanzibar, ile mitambo yao ya Dole ambayo kwa miaka mingi ilikuwa inasikika kwenye 11735, mpaka Ulaya walikuwa wanaikesha. Zile namba tano za mwisho ntazieleza hapo chini.

Naandika saa zetu za kawaida, mfano saa mbili usiku. Rafiki yangu anasema nimeharibu daftari zima. Kweli? (Bukoba)

Hujaharibu, ila utapata shida mbele ya safari. Redio za masafa mafupi dunia nzima zinatumia saa ya aina moja tu, inaitwa UTC, ndo ile ya GMT, na sisi Tanzania, Kenya na Uganda tuko mbele yake kwa masaa 3. Tatizo ni kwamba saa zetu za Kiswahili zenyewe zimepishana na saa ya ukutani kwa masaa 6, kwaiyo ukiandika "saa 2" bila kusema asubuhi au usiku, baada ya mwaka hujui tena ilikuwa lini.

Njia ninayotumia mimi ni hii: mchana chukua saa ya Kiswahili ongeza 3, usiku ongeza 15. Saa moja asubuhi ni 0400. Saa mbili usiku ni 1700. Saa nane usiku inakuwa 2300, na hapo angalia sana, kwetu tarehe imeshageuka lakini UTC bado iko jana! Kuanzia saa tisa usiku ndo tarehe zinalingana, na hesabu yako ikifika 24 au kuzidi toa 24. Watu wengi wanakosea tarehe hapo, sio saa. Ndugu zetu wa Lubumbashi, Bujumbura na Kigali wako mbele ya UTC kwa masaa 2 tu, wao hesabu yao inaongezeka moja, mchana 4 na usiku 16… mimi nawashauri wote mnunue saa ndogo ya bei rahisi, muiweke UTC na muiache juu ya redio, isiguswe na mtu.

SINPO ni nini? Naona watu wanaandika 35433 kama namba ya siri. (Dada wa Bububu)

Ni maksi dada yangu, kila herufi inapewa 1 mpaka 5, na 5 ndo nzuri. S ni nguvu ya mawimbi. I ni kuingiliwa na idhaa nyingine, N ni kelele, P ni ile sauti kupanda na kushuka kama mtu anacheza na kitufe, O ni jumla. Inayochanganya ni I, N na P, humo 5 maana yake tatizo halipo kabisa. Na jumla isiwe ya huruma: kama I umeipa 2 kwa sababu kuna Wachina wanaongea chini yake, O haiwezi kuwa 5 hata kama kipindi umekipenda.

Nimepata idhaa ileile sehemu mbili, 11735 na 10825. Je ni mitambo miwili? (Fundi, Songea)

Hapana fundi, ni redio yako, na nakupongeza kwa kuandika zote mbili maana bila daftari usingegundua. Toa 10825 kwenye 11735 unapata 910. Sasa redio nyingi za bei ya chini zinageuza kila mawimbi kuwa 455 kilohezi ndani kabla ya kuyashughulikia, na mara mbili ya 455 ni 910. Kwaiyo ukiwa 10825 redio inashika pia kile kilichoko juu yake kwa 910, inashindwa kutofautisha, unasikia kivuli. Idhaa halisi ni ile ya juu. Mimi kivuli nakiandika na alama ya K pembeni, sikifuti, maana kesho ntakutana nacho tena nikifurahi kwamba nimepata kitu kipya. Na ukisikia idhaa sehemu ambayo haiko kwenye mita bendi yoyote ya matangazo (yale mafungu ya masafa waliyotengewa watangazaji), kabla ya kushangilia ongeza 910 uende ukachungulie pale.

Nyumbani kwangu Tandika ni kelele tupu, nikienda kwa bibi Kisarawe nasikia vizuri. Nifanyeje?

Redio ni nzima, kelele ni za nyumba. Weka betri kwenye redio, zima mein swichi ya nyumba nzima dakika 5, sikiliza. Ikitulia, washa kimoja kimoja. Kwangu ilikuwa chaja moja ya simu ya bei chee, nikiisogelea na redio mkononi sauti inapanda kama dagaa wanakaangwa, nikirudi nyuma hatua mbili inashuka. Taa za LED na inveta za sola nazo zimo. Kama ni za jirani, toka nje na waya wa mita 5 au 10, ubane kwenye antena ya redio kwa kibanio cha nguo kilichoshikilia sehemu ya waya uliyoimenya. Alafu andika kwenye daftari "Tandika" au "Kisarawe", kila mstari, bila hivyo maksi zako hazilinganishiki.

Kuna siku naandika mistari kumi, kuna siku hakuna kitu kabisa. Siku tupu niziruke? (Eldoret)

Usiruke hata moja! Ntakupa mfano. Ijumaa ya tarehe 10 Mei 2024 asubuhi niliwasha redio, daftari linasema "0657, mita bendi 25 kimya, 19 kimya, 16 kimya. Betri mpya. Waya uko sawa." Nlidhani redio imekufa, karibu niifungue. Kumbe saa 0654, yani saa nne kasoro dakika 6 kwetu, jua lilikuwa limetoa mlipuko mkubwa wa daraja X, lile la juu kabisa, na sisi ndo tulikuwa upande wa mchana. Mlipuko wa namna hiyo unalijaza nguvu tabaka la chini la anga, lile linaloitwa D, ambalo kazi yake kwetu ni kumeza mawimbi, linameza masafa ya chini kwanza na hayo ndo yanachelewa kurudi. Usiku wake na siku iliyofuata kikaja kimbunga cha sumaku kikubwa kuliko vyote tangu 2003. Kama ningeacha ukurasa mtupu leo ningekuwa na hadithi tu, ila nna dakika kamili, iko dakika 3 baada ya kilele cha mlipuko. Neno "kimya" na saa yake ni kumbukumbu kamili kama nyingine.

Mzee, DW walifunga mitambo ya Kigali, VOA ilikatika Machi 2025, kila kitu kiko kwenye simu. Bado kuna haja ya daftari? Na zile kadi za vituo za kuthibitisha kwamba umewasikia bado zinatoka? (Uvira)

Kadi bado zipo ndugu yangu, ila zimepungua, na wengi sasa wanajibu kwa imeili. Tuma ripoti ya dakika 20 au zaidi, saa UTC, kilohezi, SINPO, na mambo mawili matatu yaliyosemwa ambayo mtu ambaye hakusikiliza hawezi kuyajua. Usiombe kalenda kwenye barua ya kwanza. Kuna kituo kimoja nimekiandikia mara tatu hawajajibu, nliumia, lakini ile mistari niliyowaandikia bado ninayo.

Na kuhusu haja, mimi kwangu ndo imeongezeka. Kigali ilikuwa pale tangu 1965, tulizoea mpaka tukaacha kuiandika, "ah, ile ipo tu", Machi 2015 ikazimwa, nikarudi kwenye madaftari kutafuta niliisikia mara ya mwisho lini, nikakuta miezi mitano sijaiandika hata mara moja. Ule muziki wa Beethoven wanaoupiga kabla ya kujitaja, nliusikia kila siku na sina tarehe. Inaniuma mpaka leo. Kwaiyo andika zenye nguvu pia, zile za 55555 unazodhani hazina maana, andika Wachina, andika zinazotoka Talata-Volonondry kule Madagascar, andika za kwenye 7100 mpaka 7200 ambako utasikia mngurumo kama mvua kwenye mabati, ni Waethiopia na Waeritrea waliozoea kuzibiana redio.

Masafa mengi yanabadilika mara mbili kwa mwaka, Jumapili ya mwisho ya Machi na Jumapili ya mwisho ya Oktoba. Jumamosi yake usiku pita 5900 mpaka 6200, alafu 9400 mpaka 9900, polepole, kilohezi 5 kwa 5, andika kila unachokuta. Jumatatu pita tena njia ileile saa ileile, na kila palipokuwa na mtu na sasa hayupo, andika.