Waheshimiwa Wapya, Shtaka Kwanza, Sahihi Baadaye

Bunge jipya la Kenya likishaapishwa tu, hakukosi mheshimiwa mgeni anayezunguka kwenye vijia na karatasi ya sahihi za kumbandua rais. Ukimuuliza rais amekiuka kifungu kipi, anakujibu kwamba mashtaka bado yanaandikwa. Nawapenda vijana wenye moyo wa kuibana serikali, na Katiba ya 2010 iliwapa silaha hiyo waitumie. Lakini mtindo huu umenichosha, kwa hivyo nisikilizeni.

1. Hesabu mnazijua: sahihi 117 za wabunge ili hoja iwasilishwe, kisha kura 233 kati ya wabunge 349 ili ipite Bunge la Kitaifa, kisha 45 kati ya maseneta 67 ili rais aondoke. Msichokishika ni kwamba Kifungu cha 145 cha Katiba, kile cha kumbandua rais, kinahesabu wabunge wote, si waliomo ukumbini. Ukibaki kantini unakunywa chai, umemlinda rais hata kama hukukusudia. Wenzetu wa Korea Kusini wanalijua hili vizuri. Tarehe 7 Desemba 2024 wabunge wa chama tawala walitoka ukumbini karibu wote, na hoja dhidi ya Rais Yoon Suk Yeol ikaanguka kwa sababu waliopiga kura walikuwa 195 na ilihitaji 200. Wiki moja baadaye ikapata 204. Basi kabla ya kuwasilisha hoja, jua kila mtu wako atakuwa wapi siku hiyo.

2. Mashtaka. Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo kila kizazi kinapojikwaa.

Tazameni Kaunti ya Meru. Madiwani walimbandua Gavana Kawira Mwangaza Desemba 2022, kamati ya Seneti ikaona mashtaka hayakuthibitishwa. Wakarudi 2023 na mashtaka 7, na maseneta wakayatupa yote 7. Mara zote mbili kura za Meru zilikuwa tele. Kilichokosekana ni ushahidi. Agosti 2024 ndipo walipofaulu, safari hii wakiwa na mashtaka 3. Kaunti nzima ilipitia haya kwa miaka miwili, miradi ikizorota na watu wakigawanyika, na sehemu kubwa ya maumivu hayo ingeepukika kama mtu mmoja angekaa na rasimu ya kwanza akauliza kwa kila aya: karatasi ya kuthibitisha hili iko wapi?

Kabla yao kulikuwa na Kaunti ya Embu. Gavana Martin Wambora alibanduliwa mara mbili 2014, kesi zikarindima mahakamani, na bado akakaa ofisini hadi 2022. Kesi hizo ndizo zilizotupa kipimo tunachotumia leo: ukiukaji lazima uwe mzito, tena uwe na uhusiano na mshtakiwa mwenyewe. Kosa la katibu wake halimfuati hivi hivi.

Halafu hoja ya Naibu Rais Rigathi Gachagua, Oktoba 2024, iliyopita njia ile ile ya 145 ambayo rais angepitishwa. Bunge la Kitaifa lilipiga kura 281 dhidi ya 44. Maseneta walipofika kwenye shtaka moja moja, yaliyosimama ni 5 kati ya 11. Mtaniambia shtaka moja linatosha kumwondoa mtu, na ni kweli, Katiba inasema hivyo. Lakini yale 6 yalisomwa mbele ya taifa zima dhidi ya mtu mwenye jina na familia, kisha hayakuthibitishwa. Mbunge anayetia sahihi anawajibika kwa yote 11. Mimi naona ni dhuluma kumrundikia mtu tuhuma kwa matumaini kwamba mojawapo itanasa, awe tunampenda au hatumpendi.

3. Mtoa hoja atahojiwa na mawakili. Hati ya kiapo uliyoandikiwa na mtu mwingine itakuumbua, iandike mwenyewe.

4. Maseneta, kazi yenu ni nyingine kabisa. Ninyi ni waamuzi. Inaniuma nikisikia seneta akitangaza msimamo mazishini Jumamosi, kisha Jumatano anaketi kusikiza ushahidi wa kesi ile ile. Mshtakiwa ana haki ya kusikizwa na mtu ambaye bado hajaamua. Kiranja wa chama akikuita, mwambie utampa jibu baada ya kusikia pande zote mbili. Atanuna, lakini hasira zitapita.

5. Maoni ya umma yakusanyeni kwa dhati. Ila msisahau kwamba wananchi elfu wakisema ndiyo, wamekuonyesha wanachotaka tu. Risiti, barua na kumbukumbu za kikao bado ni lazima uzilete wewe.

6. Siku ni chache. Spika wa Bunge la Kitaifa ana siku mbili kumjulisha mwenzake, Spika wa Seneti ana siku saba kuitisha kikao, na kamati ya maseneta 11, ikiundwa, ina siku kumi kutoa ripoti. Ushahidi unaotafutwa baada ya kura hauwahi kufika.

Hansadi ya Seneti, yaani kumbukumbu rasmi za mijadala, ya tarehe 16 na 17 Oktoba 2024, kesi ya Gachagua iliposikizwa, isomeni yote, hasa maswali ya mawakili. Mkimaliza, njooni na rasimu yenu tuipitie shtaka kwa shtaka. Karatasi ya sahihi iacheni nyumbani kwanza.