Skini mpya kila wiki, bagi ileile miaka miwili

SWALI: Mtaalamu habari za kazi, mi msomaji wako wa siku nyingi ila leo ndo nimeamua kuandika maana nimechoka. Kuna gemu ya mtandaoni ya kupigana kwa timu nacheza karibu kila usiku, ina bagi moja hivi, yaani hitilafu, ukimnyanyua mwenzako aliyeangushwa bunduki yako inagoma kufyatua, unabonyeza we unabonyeza tu, mpaka ubadilishe silaha mara mbili ndo inarudi, na hapo ushapigwa kitambo. Miaka miwili sasa! Nimewaandikia wenye gemu mara nne, jibu lilelile: futa gemu uweke upya. Ila skini mpya, yale mavazi na marembo ya kununua, kila wiki hawakosi. Hivi hawa watu wanatuonaje?

JIBU: Pole sana mdogo wangu. Hilo jibu la futa uweke upya huwa linatumwa hata kabla ujumbe haujasomwa, usiliweke moyoni.

Ila anayechora skini siye anayerekebisha kodi, yaani maandishi ya programu, ukimkabidhi mchoraji mambo ya seva, ile kompyuta ya kampuni inayoendesha gemu, utalia zaidi ya hapo. Anayegawa bajeti ndo wa kulaumiwa, maana skini inaleta hela leo leo na bagi yako haionekani kwenye hesabu za mtu yeyote.

Kwa unavyoeleza, nahisi simu yako inajua ushamaliza kunyanyua mtu lakini seva haijapata hiyo habari, kwa hiyo seva inaona mikono yako bado ina kazi na inakataa risasi zako, ukibadilisha silaha ndo wanapatana tena. Sasa fundi anajaribu akiwa na mtandao wa kasi, kwake haitokei hata mara moja, anaandika "haijirudii" na anaifunga tiketi, yaani lalamiko lako.

Na miaka miwili mbona kidogo! Gemu ya GTA Online ilitoka 2013, watu wakalalamikia kusubiri ifunguke miaka na miaka, mpaka mwaka 2021 mchezaji mmoja tu, hana hata hiyo kodi ya programu yao, akaichimbua mwenyewe kwenye kompyuta yake. Akakuta gemu inasoma faili la kama megabaiti 10 lenye vitu kama 63,000, na kila ikisoma kipande kimoja inahesabu upya herufi zote zilizobaki mpaka mwisho wa faili, yaani kama mtu anayesoma kitabu halafu kila neno anasimama kuhesabu herufi zilizobaki. Alipoirekebisha hiyo na kasoro nyingine, dakika sita za kusubiri kwake zikashuka chini ya mbili. Rockstar, wenye gemu, wakakubali, wakarekebisha Machi mwaka huohuo na wakampa dola 10,000. Na hilo faili lilikuwa la nini? Orodha ya vitu vya kununua ndani ya gemu, we acha tu.

Wapo waliojirekebisha wenyewe lakini. Kampuni ya Ubisoft mwaka 2017 walisogeza mbele msimu mpya wa gemu yao ya Rainbow Six Siege ili wakae kwanza na matatizo ya gemu, wakaiita Operation Health. Wachezaji wengine wakanuna kwamba hakuna vitu vipya, sisi nasi hatuna jema.

Mara ya tano usiwaandikie "bunduki haifanyi kazi", andika toleo la gemu, simu gani, pingi (muda wa ujumbe kwenda kwenye seva na kurudi) ilikuwa ngapi, saa ngapi, na hatua moja moja mpaka ilipogoma, halafu weka video ambayo namba ya pingi inaonekana. Ukiweza kuitokeza makusudi kwenye mtandao mbovu ndo bora zaidi, maana hapo fundi hana pa kukimbilia. Na hela ya skini shikilia kwanza, hiyo lugha wanaielewa haraka.

SWALI: Mimi yangu ni kinyume, nimegundua bagi inanipa sarafu za bure, niripoti au nikaushe?

JIBU: Ripoti leo. Bagi za namna hiyo hazikai miaka miwili, hiyo wataiziba usiku huuhuu na akaunti yako waondoke nayo.