Rahisi ghali: wino, kebo na RAM

Wiki hii karibu barua zote zinalia na bei. Tuanze Morogoro.

Nimefungua steshenari karibu na chuo. Printa niliipata kwa bei poa, lakini katriji mbili tu zinakaribia bei ya printa yenyewe. Nimeibiwa?

Hujaibiwa dada, umenaswa. Printa ndogo za katriji huuzwa kwa faida kiduchu, pengine hata kwa hasara, maana faida inakusubiri kwenye wino. Ndiyo sababu katriji nyingi zina chipu: weka ya kampuni nyingine, printa inagoma. Lexmark, mtengenezaji wa printa wa Marekani, iliwahi kuishtaki kampuni iliyokuwa ikiuza katriji za Lexmark zilizojazwa upya. Mwaka 2017 Mahakama ya Juu ya huko ikasema katriji ikishauzwa, haki ya hataza (ulinzi wa uvumbuzi) ya mtengenezaji imeishia hapo. Hukumu tamu, ila chipu haisomi hukumu.

Kwa kazi yako, tafuta printa ya tangi, unayoijaza wino kwa chupa. Kuinunua kunauma, lakini chupa ya wino mweusi ya Epson 664, mililita 70, inatoa kurasa kama 4,000. Katriji ndogo inatoa mia kadhaa tu. Chukua bei ya wino, gawanya kwa idadi ya kurasa iliyoandikwa kwenye boksi. Kama unatoza shilingi 100 kwa ukurasa na wino peke yake unakula 60, wewe ni kibarua wa mtengenezaji, tena karatasi na umeme hatujavigusa.

Muuzaji wa Kariakoo anasema kebo ya HDMI (ya kupeleka picha kwenye TV) yenye dhahabu ina picha safi zaidi. Bei mara tano!

Dhahabu ya kuvaa masikioni, sawa. HDMI inabeba ishara za kidijitali: zikifika, picha ni ileile, zisipofika, utaona chengachenga au skrini itazimika. Kwa mita mbili, kebo ya kawaida yenye lebo ya Premium High Speed inatosha hata kwa picha kali za 4K. Ubora unaanza kuwa hoja kwenye kebo ndefu.

Katikati ya 2025 nilinunua RAM (kumbukumbu ya kazi ya kompyuta) ya GB 16. Nimerudi duka lilelile, bei imepaa vibaya. Huyu jamaa si mlanguzi?

Usimtukane kwanza. Moto umewashwa mbali. Watengenezaji wakubwa wa chipu za RAM ni watatu: Samsung na SK Hynix za Korea Kusini, na Micron ya Marekani. Wote wamekimbilia kuhudumia vituo vya data vya akili mnemba, kwenye pesa nene, na RAM za kompyuta zetu zikaadimika. Desemba 2025 Micron ikatangaza kuachana na Crucial, chapa yake ya kuwauzia watu kama wewe na mimi. Mwaka 2011 tuliyaona haya kwenye diski, mafuriko ya Thailand yalipozamisha viwanda.

Ila kama jamaa ana mzigo wa zamani kabatini na anakupiga bei ya leo, hapo neno lako linamfaa. Pita maduka matatu kabla hujalipa.

Flashi ya TB 2 kwa shilingi 15,000, nichukue?

Hapana. Mara nyingi ndani ni GB 32 au 64 iliyofundishwa kudanganya kompyuta. Kama muuzaji anabisha, mwombe aipime kwa H2testw, programu inayofichua ukubwa halisi wa flashi, mbele yako, na uangalie uso wake.