Maswali na Majibu: Saa ya Marekani kwenye Umeme wa Kenya

Fundi, nimeletewa saa ya zamani ya Telechron kutoka Marekani. Nilinunua transfoma ya kushusha volti 240 hadi 120, lakini saa inachelewa mno. Je, transfoma ni mbovu? (Msomaji, Nakuru)

Transfoma yako ni nzima. Swali hili linaletwa kila mara, nami nalijibu kwa kirefu ili anayesoma leo asiliulize tena: transfoma hubadilisha volti, haibadilishi hezi, yaani idadi ya mapigo ya umeme kwa sekunde. Mota ya saa hiyo hufuata mapigo ya umeme wenyewe, na kwa kuwa Marekani mapigo ni 60 kwa sekunde na kwetu ni 50, kila dakika 60 zinazopita mishale husogea dakika 50 tu. Kufikia kesho wakati kama huu, utakuwa umepoteza saa nne kamili, na hakuna skrubu ya kurekebisha hilo.

Tena iguse kwa nyuma. Koili iliyosukwa kwa hezi 60 hunyonya mkondo zaidi ikipewa hezi 50, hivyo volti 120 zinaipasha moto kupita kiasi. Ichomoe leo. Unachohitaji ni inveta, yaani kifaa cha kugeuza umeme wa betri kuwa wa mapigo kama wa nyumbani, ya kutoa volti 120 kwa hezi 60, na ndogo inatosha, kwa sababu mota hula wati chache tu. Wala usimruhusu mtu aing'oe mota na kupachika mashine ya betri, maana utabaki na sanduku tu.

Ninayo inveta ya namna hiyo na saa inakwenda sawa, lakini redio ya mama ya mawimbi ya kati inanguruma hata hasikii taarifa. (Msomaji, Kisumu)

Inveta ya bei nafuu hutoa wimbi la ngazi, na kila kona kali ya wimbi hilo huzaa mawimbi mengine yanayopanda hadi kilohezi 530 na zaidi, huko huko anakosikiliza mama. Chukua redio ndogo ya betri, iweke katikati ya stesheni mbili, kisha uisogeze taratibu kando ya waya wa saa. Ngurumo ikikufuata hadi mwisho wa waya, waya umegeuka antena: ufupishe, na uweke kichujio cha koili na kapasita pale unapotokea kwenye inveta. Ikisikika karibu na inveta peke yake, ifunike kwa sanduku la chuma lenye matundu ya hewa, lililounganishwa na waya wa ardhi.

Kapasita iwe ya daraja la X2, iliyotengenezwa kwa umeme wa nyumbani. Niliwahi kufungua kichujio nikakuta kapasita ya kawaida imefura na kupasuka, na ukuta wa mbao nyuma yake umebabuka. Ukinunua inveta ya wimbi laini, ijaribu dukani ukiwa na redio mkononi, kwani nazo huweza kuvuma.

Babu alituachia saa ya umeme ya Smiths kutoka Uingereza. Inahitaji kifaa gani? (Msomaji, Kakamega)

Hakuna. Uingereza hutumia hezi 50 kama sisi. Badilisha waya tu, ikiwa mpira wake umekauka na kupasuka.

Saa yangu ya Hammond, ya Marekani, haianzi yenyewe stima ikirudi. (Msomaji, Kisumu)

Ndivyo zilivyoundwa nyingi za miaka ya 1930: zungusha kifundo cha nyuma kwa kidole. Mimi naipenda tabia hiyo, kwa sababu saa iliyosimama inakuambia wazi kwamba stima ilikatika. Ikiwa umeichomeka kwenye transfoma, rudi kwenye jibu la kwanza.