Maswali ya Wasomaji: Prosesa ya seva kwenye kompyuta ya mezani

SWALI: Ndugu Mhariri, nina kompyuta ya mezani ya mtumba yenye ubao mama wa chipseti (chipu zinazounganisha prosesa na sehemu nyingine za ubao) ya Intel G41, soketi ya LGA 775, na prosesa ya Core 2 Duo. Nimenunua prosesa ya seva aina ya Xeon E5450, ambayo muuzaji ameshaibandika stika ya kubadilishana pini. Fundi wa mtaani kwetu anasema kwamba bila kuiandika upya BIOS (programu ya msingi iliyo kwenye chipu ya ubao, inayoiwasha kompyuta) prosesa hiyo haitawaka kabisa, naye anataka kuanza na kazi hiyo kwa faili alilolipakua mtandaoni. Je, ni kweli? Na je, ubao unaweza kufa? — Msomaji wa Morogoro.

JIBU: Fundi wako hajakosea yote, ila ameanzia mwisho. Xeon E5450, iliyotoka Novemba 2007, na Core 2 Quad Q9650, iliyotoka Agosti 2008, ni ndugu wa damu: zote zina viini vinne vya gigahezi 3, kashe (kumbukumbu ya ndani ya prosesa) ya megabaiti 12, na huwasiliana na chipseti kwa megahezi 1333. Ya kwanza ilitengenezwa kwa soketi ya seva ya LGA 771, ya pili kwa LGA 775. Kinachozitenga ni nafasi za pini mbili, ambazo stika inazibadilishana, pamoja na mapengo ya ukingoni, ambayo humlazimu mtu kukata vijino viwili vya plastiki ndani ya soketi au kuchonga mapengo mapya kwenye prosesa yenyewe. Stika ikikaa kombo hata kidogo, hakuna BIOS itakayoiwasha mashine hiyo, na ndiyo maana ningeikagua stika kwa kioo cha kukuzia kabla ya kugusa programu yoyote.

BIOS inaingia kwenye suala hili kwa sababu ya maikrokodi, yaani masahihisho madogo ambayo Intel huyatoa ili kurekebisha kasoro za prosesa baada ya kuuzwa. Prosesa haiyahifadhi masahihisho hayo; kila inapozimwa huyasahau, na kila inapowashwa BIOS huipakia upya. Ili kujua ni yapi yanayoihusu, BIOS hutazama namba ya utambulisho wa prosesa na alama ya aina ya jukwaa lake, yaani aina ya mashine ambayo imetengenezewa. Hapa ndipo wengi hupotea: Q9650 na E5450 ya toleo la E0 zina namba moja, 1067A, lakini alama zao za jukwaa ni tofauti, kwa hiyo ubao unaoifahamu vizuri Q9650 bado unaweza kuiona Xeon kuwa mgeni. Soma maandishi yaliyochongwa juu ya prosesa yako. Ukikuta SLBBM, hilo ni toleo la E0. Ukikuta SLANQ, ni toleo la C0, ambalo namba yake ni 10676 na linahitaji maikrokodi nyingine.

Bila maikrokodi yake, prosesa ya namna hii mara nyingi huwaka. BIOS huenda ikalalamika kwamba haiitambui, huenda baadhi ya maagizo ya ndani ya prosesa ambayo programu huyatumia, kama SSE4.1, yasionekane, huenda mfumo wa kupunguza mwendo ili kuokoa umeme usifanye kazi, na mara nyingine Windows hujizima katikati ya kupakia. Kwa hiyo ushauri wangu ni kufunga prosesa kwanza na kuitazama. Iwapo unatumia Linux, mfumo huo wenyewe unaweza kupakia maikrokodi mwanzoni kabisa mwa kuwaka, na pengine hutahitaji kuigusa BIOS hata mara moja.

Ikilazimu kuiandika, mkatalie fundi faili la kupakuliwa. Nakala ya kufanyia kazi itolewe kwenye chipu ya ubao wako mwenyewe, kwa kuwa katika mbao kadhaa chipu hiyo ndiyo inayobeba anwani ya kadi ya mtandao na namba nyingine za mashine. Isomwe mara mbili, na mafaili hayo mawili yalinganishwe. Yakitofautiana, kibanio kinachounganisha chipu na kifaa cha kuisomea hakijashika sawasawa. Kwa BIOS za wakati ule zilizotengenezwa na kampuni ya AMI, programu ya MMTool huondoa na kuongeza maikrokodi, na nafasi ikiwa finyu hufutwa zile za Pentium 4 ambazo hutazihitaji tena. Kisha ndipo mashine iflashiwe, yaani BIOS hiyo iandikwe kwenye chipu, ikiwa bado na prosesa yako ya zamani, ikiwa imeunganishwa na UPS. Umeme ukikatika katikati ya kuandika, ubao hauwaki tena. Hata hapo haujafa moja kwa moja, mradi nakala ya awali ipo na fundi ana kifaa cha kuandikia chipu kama CH341A. Ahakikishe tu volti zake, maana baadhi ya vifaa hivyo hupeleka volti 5 kwenye nyaya za data ilhali chipu nyingi za BIOS hutumia 3.3.

Kuna mipaka ambayo maikrokodi haiivuki. G41 huishia gigabaiti 8 za RAM, uweke prosesa yoyote uipendayo. Umeme si tatizo kwako, kwani E5450 imepimwa kwa wati 80 dhidi ya 95 za Q9650, ingawa nisingethubutu kuweka X5460 ya wati 120 kwenye ubao mdogo kama wako. Aidha, Windows 11 kuanzia toleo la 24H2 hudai maagizo ya SSE4.2, ambayo prosesa hii haina kabisa, na mwaka 2018 Intel ilitangaza kwamba haitaendelea kuandaa maikrokodi za kukabiliana na Spectre, dosari ya prosesa inayoweza kuvujisha siri, kwa kizazi hiki. Kwa kazi za shule na za ofisi ndogo chini ya Linux, bado ni mashine ya kuridhisha. Mimi nisingeitumia kuhifadhi siri za wateja.

SWALI: Je, mbinu hiyo ya kuiandika upya BIOS inawezekana pia kwenye kompyuta ya ofisini iliyotengenezwa mwaka 2016? — Msomaji wa Kisumu.

JIBU: Mara nyingi hapana. Tangu prosesa za kizazi cha 4 za mwaka 2013, Intel imewapa watengenezaji kinga iitwayo Boot Guard, ambayo huhakiki saini ya sehemu ya mwanzo ya BIOS kabla ya mashine kuwaka. Mtengenezaji akiiwasha kiwandani, alama za ufunguo wake huchomwa ndani ya chipseti na hazifutiki. Ukiigusa sehemu inayolindwa, mashine inaweza kukataa kuwaka mpaka BIOS ya awali irudishwe.