p16 chanya na CPS 20: tuliyopitia na kaka yangu hapa Nakuru

Dada wa Molo, umeuliza kama ripoti ya baba yenye "p16 chanya" na "CPS 20" ina maana kansa yake ya tonsili ni kali zaidi. Pole sana, na kwanza tulia. Hilo neno "chanya" kwenye ripoti ya kaka lilitutoa machozi wote nyumbani Bahati, kumbe tulilia bure.

Kwa kansa ya koromeo, yaani tonsili na shina la ulimi, p16 (protini inayopimwa kwenye uvimbe) ikiwa chanya kwa kawaida ni habari njema. Huashiria kwamba kansa imetokana na virusi vya HPV, na uvimbe wa aina hiyo husikia mionzi na kemo vizuri zaidi. Utafiti wa Marekani wa 2010 ulikuta kwamba baada ya miaka 3, asilimia 82 hivi ya wenye HPV walikuwa hai, na 57 ya wasio nayo. Ila mwambieni daktari ukweli kuhusu sigara, maana kuvuta kwa miaka mingi hupunguza nafuu hiyo.

CPS ni hesabu ya seli, za uvimbe na za kinga, zenye protini ya PD-L1, ambayo kansa huitumia kuwanyamazisha askari wa mwili. 20 haisemi baba amebakiza siku ngapi. Humsaidia daktari kuamua kuhusu dawa kama pembrolizumab, hasa kansa ikirudi au ikisambaa. Kaka hakuihitaji, nashukuru Mungu, maana bei yake ingetuuzisha shamba.

Kwetu kipimo hicho cha CPS kilichelewa kwa sababu maabara moja haikujua ilikoweka sampuli ya kaka. Ilipopatikana niliibeba mwenyewe kwa matatu hadi Nairobi: kibonge cha nta, kidogo kuliko kiberiti, na katikati kijidoa cha nyama ya kaka yangu. Jua lilikuwa kali. Njia nzima niliishika bahasha upande wa kivuli, nikiogopa nta isiyeyuke. Andikeni namba ya kibonge cha baba leo hii.

Halafu tazama karatasi ya damu. Gawanya neutrofili kwa limfosaiti, zote mbili ni aina za seli nyeupe za damu. Uwiano mkubwa huendana na matokeo duni, na wa kaka ulikuwa karibu 6, sikulala. Daktari akamfunua mdomo, akaona magego mawili yameoza yana usaha. Maambukizi hupandisha neutrofili, hata dawa ya deksamethasoni hupandisha. Magego yaling'olewa, na wiki chache baadaye uwiano ulikuwa 3.

Kwa hiyo usiisome namba hiyo peke yake, na mpeleke mzee kwa daktari wa meno kabla mionzi haijaanza. Mionzi ikishapita kwenye taya, jino liking'olewa mfupa huweza kukataa kupona.