Kabla Hujadai Sheria Moja ya Anwani kwa Dunia Nzima

Pendekezo langu la kwanza la sera ya anwani za intaneti halikufika mbali. Nilitaka kila shirika duniani lipewe anwani za IPv4, namba za mtindo wa zamani zinazotambulisha vifaa mtandaoni, kwa kigezo kimoja, nikiamini hiyo ndiyo haki. Mkongwe mmoja wa kazi hii akaniuliza, "Sheria yako hii ataitekeleza nani?" Sikuwa na jibu.

Nakusihi ujiulize hivyo kabla hujaandika hata mstari. Sera ya dunia inagusa eneo dogo tu: namna IANA, ofisi inayotunza hazina kuu ya namba za intaneti, inavyozipa namba hizo sajili tano za kanda, yaani mashirika yanayozigawa katika kanda zao: AFRINIC (Afrika), APNIC (Asia na Pasifiki), ARIN (Amerika Kaskazini), LACNIC (Amerika ya Kusini na Karibi) na RIPE NCC (Ulaya, Mashariki ya Kati na Asia ya Kati). Masharti ya mtoa huduma au chuo kupata anwani hutungwa na watu wa kanda husika. Shida yako ikiwa huko, ipeleke huko.

Ukiamua kwenda njia ya dunia, maandishi yaleyale lazima yapite kanda zote tano, kisha bodi ya ICANN, shirika linaloratibu majina na namba za intaneti duniani, iyaridhie. Hilo "yaleyale" ndilo gumu. Mwaka 2009 lilitembezwa pendekezo la kuirudishia IANA anwani zilizorejeshwa, zigawanywe upya. Baadhi ya kanda ziliafiki kwamba sajili zitalazimika kurudisha. ARIN ikapitisha maandishi yanayoiachia sajili hiari. Likakwama hapo. Sera nyingine, ya kugawa mabaki, iliridhiwa Mei 2012, wakati hazina kuu ya IPv4 ilikuwa imekauka tangu Februari 2011.

Njia ya kanda ina wepesi wake, na mimi naipenda kwa hilo. RIPE NCC iliacha kudai uthibitisho wa mahitaji, yaani mwombaji aonyeshe kwamba kweli anazihitaji anwani, lakini ARIN haikukubali anwani zake zihamie kanda isiyodai uthibitisho huo. Watu wa kanda hizo hawakungoja sera ya dunia. Mwaka 2015 upande wa RIPE uliongeza sharti dogo: anayepokea kutoka kanda inayodai uthibitisho aonyeshe atatumia angalau nusu ya anwani hizo ndani ya miaka 5. Milango ya kuhamisha anwani kati ya kanda hizo ikafunguka.

Nilipoandika upya, nilianza kwa kufuta neno "duniani". Kisha nikamtafuta mtu anayepokea maombi ya anwani kila siku, nikamuuliza: hiki kikipita, kesho asubuhi utafanya nini tofauti? Akasoma polepole, akaweka kidole kwenye kifungu cha tatu. "Hapa sina namna ya kuhakiki." Nilikiandika upya usiku uleule.